Harmoniamu na Uchovu wa Mitambo

Reli ya kati ilifika Kilosa, mkoani Morogoro, mwaka 1909. Kabla ya hapo mizigo ya misheni za huko, kama ile ya Waanglikana kule Mamboya iliyoanzishwa karne ya 19, ilipandishwa kutoka pwani kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Ndiyo maana kinanda kilichozifaa misheni za bara hakikuwa piano bali harmoniamu, ambayo Alexandre Debain aliipatia hataza mjini Paris mwaka 1842: ilibebeka, na ndimi zake za shaba hazikupotoka sauti upesi kwa joto na unyevu kama nyaya za piano. Leo treni za umeme zinapita Kilosa, malori ya Zambia hayakatiki barabarani Mikumi, jirani na Kilosa, na muziki wa dunia nzima umo ndani ya simu. Nashikilia kwamba aliyechoshwa na vifaa hivi vya kisasa anaweza kupata nafuu ya kweli kwenye kinanda cha kale, na sababu yake si hamu ya zamani tu.

William Morris, mshairi na fundi wa Uingereza, aliona viwanda vinamnyang'anya mfanyakazi furaha ya kazi ya mikono yake. Ndiye aliyemhimiza Arnold Dolmetsch, fundi wa ala za muziki, aunde hapsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi, nayo ikaonyeshwa London mwaka 1896. Mwaka huohuo, Morris akiwa mgonjwa wa kufa, Dolmetsch alikwenda kumpigia kinanda kidogo cha nyuzi, na mgonjwa akatokwa machozi ya furaha. Huku Afrika, daktari na mpiga ogani Albert Schweitzer alifika Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, na Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye kanyagio za ogani, iliyokingwa kwa zinki ili ihimili nchi ya joto. Baada ya kutwa ya kutibu wagonjwa, hiyo ndiyo iliyokuwa pumziko lake.

Lakini je, harmoniamu nayo si zao la viwanda? Ni zao la viwanda, na pingamizi hilo ndilo zito kuliko yote. Hata hivyo umri wa chombo si hoja yangu. Hoja ni namna sauti inavyopatikana. Mguu unakanyaga, mvukuto unaendesha hewa, hewa inatikisa ulimi wa shaba. Mguu ukilegea, sauti inafifia. Mpigaji anasikia papo hapo alichokifanya mwili wake. Kinanda cha umeme cha bei nafuu humpa midundo iliyokwisha kutengenezwa, na mara nyingi kidole kibonyeze kwa upole au kwa nguvu, jibu ni lilelile. Sikidharau, maana bila hicho kwaya nyingi zingeimba bila kinanda chochote. Wengine watasema harmoniamu ni ya wakoloni, iliyokaa kanisani huku ngoma zikiachwa nje. Ngoma zilitengwa kweli, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoagiza mwaka 1963 kwamba muziki wa wenyeji wa nchi za misheni uheshimiwe. Lakini harmoniamu haikubaki mali ya wamisionari: ile ya mkono iliyotoka India iliingia kwenye taarabu ya Mombasa, ikasindikiza mashairi ya Kiswahili.

Kwa Kilosa na Mikumi lipo pia suala la ufundi. Saketi ya kinanda cha umeme ikiungua, mara nyingi chombo kizima hutupwa. Ulimi wa harmoniamu ukipotoka, fundi huukwangua kidogo kwenye ncha ili sauti ipande, au karibu na shina ili ishuke, akiupima kwa sikio hadi ulingane na wenzake.