Mjukuu akiwa mwalimu: kutoka vitabu vya pamba hadi *150*00#

Hebu jiulize: nani alimfundisha bibi yako kutoa hela kwenye simu? Huenda si kampuni ya simu, wala benki, wala shule. Kwa familia nyingi jibu ni mjukuu wa darasa la sita, au mtoto aliyekuja likizo ya Desemba akakaa na mama yake jikoni nusu saa. Sisi tunaosoma mambo ya teknolojia tunapenda kuandika kuhusu minara, betri na vioo. Huyu mwalimu wa jikoni huwa tunamruka, na hata wanaobuni huduma zenyewe mara nyingi humruka. Lakini kuna wakati hapa kwetu kilibuniwa chombo kilichomkumbuka.

Turudi nyuma kidogo. Sensa ya mwaka 1967 ilipopita, takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Shida ilikuwa moja: walimu wenye mafunzo hawakutosha hata kwa shule za msingi. Ikabidi wafundishe wa kujitolea, wakiwemo vijana waliomaliza darasa la saba na hata wanafunzi wenyewe. Sasa fikiria, msomaji. Kijana wa miaka 16 amesimama mbele ya mzee wa miaka 60, mahali ambapo mtoto hamwambii mkubwa "umekosea". Atafundishaje?

Jibu moja lilitoka Mwanza. Kulikuwa na mradi pale, ulioanza 1968 kwa msaada wa UNESCO, ukihudumia mikoa ya Kanda ya Ziwa. Vitabu vyake vya kujifunzia kusoma havikuanza na "a, e, i, o, u" za watoto. Vilihusu pamba, migomba, uvuvi. Mimi nakiona kitabu kile kama teknolojia, tena ya akili sana. Kijana anajua herufi lakini pamba haijui vizuri. Mzee haijui herufi hata moja, ila amelima pamba tangu kijana huyo hajazaliwa. Wakifika kwenye sentensi ya kupanda mbegu, mzee ana la kusema, na mwalimu ndiye anayesikiliza. Pembeni kulikuwa na kiongozi cha mwalimu cha kumshika mkono huyo asiye na mafunzo. Yaani chombo kile kilibuniwa kwa ajili ya watu wawili walioketi pamoja.

Watanzania hawakuwa peke yao katika hili. Cuba, mwaka 1961, ilipeleka vijana wapatao 100,000 vijijini, wengi wao wasichana, wakakae kwenye nyumba za wakulima. Mchana wanalima na wenyeji wao, jioni taa inawashwa na masomo yanaanza. Nao walikuwa na vitabu viwili: cha mwanafunzi kiliitwa Venceremos, cha mwalimu Alfabeticemos. Zaidi ya watu 700,000 walijifunza kusoma. Kwa Tanzania, kufikia 1975 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 39.

Sasa tuje kwenye simu.

Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio nchini Kenya wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo, Faulu. Lengo halikuwa mtoto kumtumia mama hela kijijini. Lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo kwa simu. Lakini watu wakaanza kufanya ya kwao: kulipiana mikopo, kuwanunulia ndugu wa mbali muda wa maongezi. Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia kazi hiyo, waliyaona hayo, na M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo lake lilikuwa kutuma pesa nyumbani.

Kuna kitu kidogo kwenye ada za mwanzo ambacho mimi nakipenda. Uliweza kumtumia hela mtu ambaye hajajisajili. Alipata ujumbe wenye namba maalumu, akaupeleka kwa wakala, akapewa chake. Ila wewe mtumaji ulikatwa zaidi kuliko ungemtumia aliyejisajili. Kwa hiyo kila kijana wa Nairobi aliyekuwa akimtumia mama yake hela alikuwa na sababu ya mfukoni kabisa ya kumsajili na kumfundisha. Sidhani kama aliyepanga ada zile alikuwa anafikiria elimu ya watu wazima. Lakini naona zilifanya kazi hiyo.

Na tuseme ukweli, si kila kijana anafaa kufundisha. Mtoto na mzazi wake huoneana haya. Mzazi hataki kuonekana hajui, mtoto anaogopa kukosoa. Babu, bibi na wajukuu ni watani. Bibi anamwita mjukuu wake "mume wangu", mjukuu anamcheka bibi akibonyeza sivyo, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Utani ule ni rasilimali, na sijui ni menyu gani imewahi kubuniwa kwa kuuzingatia.

Menyu zenyewe zinatofautiana kuliko unavyodhani. Kenya, M-Pesa ya mwanzo iliwekwa ndani ya laini. Unachagua, unaandika namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, na vyote hivyo vinakaa kwenye simu yako vikisubiri; ukithibitisha mwishoni ndipo vinaondoka kwa pamoja. Vodacom ilipoileta huduma Tanzania mwaka 2008 njia ikawa nyingine, hii unayoijua ya *150*00#. Hapa kila hatua ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu na mtambo wa kampuni. Ina faida zake: kiswaswadu chochote kinafaa, na kampuni inaweza kubadili menyu bila kubadili laini ya mtu. Ila mtambo haungoji sana. Muda ukipita bila jibu, mazungumzo yanakatika.

Sasa mweke bibi hapo. Anatafuta miwani. Anasoma "1" polepole, anauliza "nibonyeze wapi, hapa?", na kabla mjukuu hajajibu, kioo kimerudi kilikotoka. Wanaanza upya. Mara ya tatu mjukuu anachoka: "Lete bibi, nikufanyie." Hela inatoka, bibi anashukuru, na somo limefia hapo.

Mwaka 2010 Nithya Sambasivan na wenzake walichapisha utafiti uliotokana na mitaa ya watu wa kipato cha chini huko Bangalore, India, kuhusu watu wanaotumia teknolojia kupitia mikono ya wengine. Walionyesha kwamba msaada una sura zaidi ya moja, na mojawapo ni mtu kuishika simu kwa niaba ya mwenzake, mwanzo hadi mwisho. Wabunifu wakihesabu "watumiaji" hawamwoni huyu wa pili, kwa sababu mfumo unajua laini moja, mtu mmoja, namba moja ya siri.

Na namba ya siri ndipo pagumu. Ukimfanyia bibi kila kitu, lazima akutajie. Akishazoea kukutajia wewe, atamtajia na wakala, na siku moja atamtajia anayepiga simu akijifanya huduma kwa wateja. Zile meseji za "ile hela nitumie kwenye namba hii" zinaishi kwa watu waliozoea kufanyiwa. Kuonyeshana kioo kwa mbali, ambako WhatsApp ilianza kukuruhusu 2023, kunasaidia kweli mjukuu aliye mjini. Lakini anayetazama kioo chako anaweza kuona na mengine usiyotaka ayaone, na matapeli wanalijua hilo.

Ningekuwa nabuni mimi, ningeanza na menyu ya mazoezi yenye hela za bandia, ambayo bibi na mjukuu wanaweza kukosea humo mara kumi na kucheka. Ningemruhusu msaidizi aliyetajwa na bibi mwenyewe aone bibi amefikia hatua ya ngapi, bila kuona namba ya siri wala salio. Na ningeanza kesho na ule muda wa kungoja, kwa sababu hauhitaji uvumbuzi wowote: ni tarakimu ambazo fundi aliziandika kwenye mpangilio wa mtambo, na zinaweza kuandikwa upya.