Talaka Gazetini: Herufi Tatu na Nyumba za Kupangisha

Uingereza ya karne ya 19 ilizoea magazeti yaliyoanika ushahidi wa uzinzi neno kwa neno. Mwaka 1926 Bunge la huko likapitisha sheria ya kubana habari za talaka.

Kenya ilianza na watoto. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza kuchapisha jina, makao au picha ya mtoto aliye kwenye kesi. Leo hukumu nyingi za kifamilia husomeka kwa herufi tupu badala ya majina.

Majina yakifichwa, mali ndiyo hubaki kuwa habari, na hapo Thika na Ruiru, penye ploti na nyumba za kupangisha kando ya barabara kuu, pana sababu ya kusoma kwa makini. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilipunguza fungu la mke mmoja katika shamba la Tigoni, Kiambu, kutoka nusu hadi robo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaja kutambua kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango.

Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya JOO dhidi ya MBO. Vichwa vya habari vilitangaza kwamba ndoa pekee haimpi mtu nusu ya mali. Ni kweli. Lakini msomaji aliyeishia kwenye kichwa alikosa jambo zito: mke katika kesi hiyo alithibitisha mchango wake, akabaki na nusu ya nyumba na nusu ya vyumba vya wapangaji.