Gurudumu na Tabaini

Mtu akisimama ukingoni mwa Ruvu, upande wa Kibaha, na kuona maji mengi yakipita, huenda akajiuliza kwa nini mto huu hautuwashii taa. Jibu tutalipata tukitofautisha vyombo viwili ambavyo wengi hudhani ni kimoja: gurudumu la maji na tabaini.

Gurudumu ndilo kongwe. Warumi walisagia nafaka kwa nguvu yake yapata miaka 2,000 iliyopita. Maji hulisukuma kwa chini, au humwagika katika ndoo zake kwa juu, na uzito wake ukalizungusha. Mwaka 1759 Mwingereza John Smeaton alionyesha kuwa njia ya pili hutoa kazi karibu maradufu. Hata hivyo, ndoo chache tu hufanya kazi kwa wakati mmoja, mzunguko ni wa polepole, na mto ukifurika gurudumu hukwama.

Mwaka 1827 Mfaransa Benoît Fourneyron alifanikisha tabaini. Hapa maji hupita ndani ya chombo na kuyasukuma mapanga yote kwa pamoja, kwa kasi na shinikizo. Chombo ni kidogo, huzunguka mbio, na hufanya kazi hata kikiwa kimezama. Ndiyo maana jenereta za umeme ziliafikiana nacho.

Nilipofundisha chuo cha ualimu nilipenda kuwaambia vijana kwamba nguvu ya maji ni kimo mara wingi. Kisarawe ina vilima, lakini Msimbazi unaoanzia huko ni mto mdogo. Kibaha ina maji ya Ruvu, lakini yamekwisha kufika tambarare. Kila mmoja amekosa nusu ya hesabu.

Kwenye mto Rufiji, binadamu amejijengea kimo. Bwawa la Julius Nyerere lina tabaini 9, kila moja ya megawati 235. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 2024 na zote zilikamilika mwaka 2025. Umeme wake hupitia Chalinze na kuingia gridi ya taifa.

Gurudumu lilimnufaisha aliyekaa kando ya mto, na mto ukaendelea na desturi yake. Tabaini hunufaisha walio mbali, lakini bwawa lake hupanga maji yashuke lini. Wakulima wa Rufiji, tangu enzi za mababu, wamepanda katika udongo uliolowa baada ya mafuriko kupungua. Sisi tunaowasha taa mbali na mto tusiisahau kalenda yao.