Roketi ikitua, mbona husikika kishindo?

Usiku wa tarehe 21 Desemba 2015, roketi ya Falcon 9 iliruka kutoka Cape Canaveral, Marekani, kisha sehemu yake ya chini ikarudi na kutua wima. Kishindo kikasikika. Hata Elon Musk, mwanzilishi wa SpaceX, aliyekuwa akitazama kwa mbali, alidhani imelipuka.

Haikulipuka. Chombo kinachoshuka kwa mwendo unaopita wa sauti hubana hewa, na hewa hiyo hutoa kishindo. Kishindo hutufikia kwa kuchelewa, kama ngurumo inavyofuata mwanga wa radi: sauti huchukua sekunde tatu hivi kwa kila kilomita. Kwa hiyo watazamaji huona roketi imetua, ndipo husikia. Tukiiona imesimama, tujue imetua salama.