Nani Hulipa Jiwe la Mtoto?

Mtoto akirusha jiwe katika uwanja wa shule hapa Bujumbura, likamjeruhi mwenzake jichoni, ni nani atakayedaiwa fidia? Jibu lilitoka mbali. Sheria ya madai ya Napoleon, ya mwaka 1804, ilimtwika mwalimu dhima ya madhara yanayoletwa na wanafunzi walio chini ya uangalizi wake. Fundi naye kwa wanagenzi wake. Tarehe 30 Julai 1888 kanuni hiyo iliingia katika amri ya Dola Huru la Kongo. Mwaka 1925 Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala, na uhuru wa 1962 haukuifuta.

Zingatia mzigo wa ushahidi. Mdai halazimiki kuonyesha uzembe. Mwalimu ndiye athibitishe kwamba hakuweza kulizuia tendo lile. Ni kanuni kali, nami naiona kali mno. Wafaransa wenyewe waliilegeza: mwaka 1899 dola ilisimama mahali pa mwalimu wa shule ya umma mahakamani, na mwaka 1937 mdai akatakiwa athibitishe kosa.

Mwenye chekechea, basi, afanye busara akate bima ya dhima. Lakini bima hulipa fedha tu, jicho hairudishi. Wala haimsaidii mlezi kueleza alikuwa wapi jiwe liliporushwa. Ndiyo sababu, nikiwa zamu wakati wa mapumziko, huokota mawe kabla ya kengele, kisha huandika daftarini saa na majina ya walimu waliosimama uwanjani.