Kiwanja cha Mhindi, saa ya Sultani

Wadau, kila unapozuka ugomvi wa wapi pajengwe msikiti au kanisa, mimi hukumbuka Mkunazini, Unguja.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hakupenda, Waingereza walitishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Krismasi ya mwaka huohuo, Waanglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa palepale sokoni. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, ndiye aliyesimamia ujenzi. Naye Sultani, Mwislamu, akatoa saa ya mnara. Inasimuliwa alitoa na sharti: mnara usizidi urefu wa kasri lake.

Tusidanganyane, hayakuwa mapenzi matupu. Lakini sharti lilisemwa mapema, likakubaliwa, kanisa likasimama hadi leo katikati ya mji wa Waislamu.

Mei 2012 makanisa yalichomwa moto kisiwani humohumo. Mnara wa Mkunazini ulikuwa bado umesimama. Je, sisi tunashindwa nini kukaa na jirani na kukubaliana kabla ya jiwe la kwanza?