Vidoa vya ngozi baada ya histiositosisi ya Langerhans

Ni vidoa vidogo vya kahawia au vyeusi vinavyojitokeza kwa wingi, pengine ndani ya miezi michache, kwa baadhi ya watoto waliotibiwa histiositosisi ya seli za Langerhans. Ugonjwa huu nadra wa ukoo wa seli nyeupe za damu huwapata takriban watoto 5 katika kila milioni kwa mwaka. Seli zenyewe zilielezwa na Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1868. Mwaka 2010 watafiti walikuta badiliko la jeni ya BRAF katika zaidi ya nusu ya sampuli za wagonjwa. Badiliko hilohilo limo katika vidoa vingi vya kawaida vya ngozi, jambo linalodokeza kuwa huenda viwili hivi vinahusiana. Kushuka kwa kinga kutokana na dawa za saratani, ambazo hutumika pia kwa ugonjwa huu, hutajwa pia kama chanzo, kwani vidoa kama hivi huonekana hata baada ya lukemia.

Kwa mtoto mweusi vitazamwe viganjani, kwenye kucha na hasa nyayoni. Mtoto wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, anayeshinda peku mchangani, aoshwe miguu kwanza. Vingi havina madhara. Kinachotoa damu au kubadilika umbo haraka kionwe na daktari, Mbinga au Songea. Matibabu ya saratani za watoto yako mbali, katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, na mzazi wa mwambao wa ziwa hilo anastahili kusaidiwa nauli.